Giaboksi ya Mathe

Shule zilipofungwa mwezi wa nane nilirudi nyumbani nikakuta giaboksi imelala kwenye kitanda changu. Si chini ya kitanda, juu. Imefunikwa gunia, na upande wake mmoja umeegemezwa kwenye mto wangu kama mgonjwa anayesubiri uji. Nikasimama mlangoni na sanduku langu la bati begani, nikauliza hii ni nini. Mathe akajibu kutoka jikoni, "Ni mgeni wa baba yako. Usimwamshe."

Nilipoenda jikoni kuteta nikapata jambo la pili. Mathe alikuwa mjamzito, na tumbo lilikuwa limefika mahali ambapo hata mjinga kama mimi angeelewa bila kuelezwa. Hakuna aliyekuwa ameniandikia. Kwetu mimba iliacha kuwa habari ya kutangazwa tangu ile iliyopita, na acha niiseme hiyo iliyopita sasa hivi niimalize, maana nikiichelewesha nitaanza kuifanyia mzaha.

Sisi ni watu wa Machakos tuliohamia Kajiado kabla sijazaliwa. Nyumba yetu iko mbugani, kati ya Kitengela na mji wa Kajiado, mbali kidogo na lami inayoenda Namanga. Hiyo "mbali kidogo" ni udongo mweusi mtupu. Wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kumeza kiatu. Mvua ikinyesha unakuwa ugali ambao haujaiva: kila hatua unaongezeka urefu, mpaka unafika kwa jirani ukiwa na kimo cha twiga na nusu ya shamba lake chini ya viatu vyako. Miaka miwili kabla ya giaboksi kuja kulala kwangu, mathe alishikwa na uchungu wakati wa mvua ndefu. Mzee akampakia kwenye pikapu ampeleke hospitali Kajiado, na pikapu ikakwama bondeni kabla ya lami. Mzee alichimba kwa jembe, akachimba kwa sufuria, mwishowe akachimba kwa mikono. Mtoto alizaliwa hapo hapo ndani ya gari. Msichana. Alipumua kidogo, akaacha.

Mimi nilikuwa shuleni. Niliporudi nilionyeshwa rundo dogo la mawe nyuma ya boma la ng'ombe, kisha kila mtu akaanza kuzungumza juu ya mahindi.

Basi mnaweza kuelewa kwa nini mwanaume mzima alilaza chuma kwenye kitanda cha mwanawe. Pikapu yetu ilisukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, na mara nyingi ilisukumwa na sisi. Mzee aliposikia kuwa mathe ana mimba tena, hakungoja. Alivaa koti, akaenda hadi karibu na Namanga ambako gari fulani la four-wheel, la aina moja na letu, lilikuwa limebingirika. Akatoa mtamba wake mmoja, akarudi na giaboksi. Ilikuwa na gia za kawaida kama ile yetu, ila pembeni ilibeba kisanduku kingine kidogo chenye kijiti chake. Ukivuta kijiti hicho mambo mawili hutokea: magurudumu yote manne yanapata nguvu, na gia zote zinakuwa fupi, yaani gari inatembea polepole kabisa lakini kwa nguvu za ng'ombe wa kulima.

"Safari hii nitapita," mzee aliniambia. Mimi nikalala sebuleni likizo nzima bila kunung'unika. Sawa, nilinung'unika kidogo.

Fundi alikuwa anko wangu, mdogo wake mathe. Alikuwa na uwanja wake Kitengela, kando ya barabara, miti minne na mabati juu, na bango aliloandika mwenyewe: TUNATENGENEZA ZOTE. Anko alikuwa na mdomo mwingi na mikono mizuri, na shida yake ni kwamba mdomo ulikuwa unafika kazini kabla ya mikono. Alikuja akatuendeshea pikapu hadi kwake, mzee akabeba giaboksi mbele, kati ya miguu yake, kama mama aliyebeba mtoto kwenda kliniki.

Ile ya zamani ilitoka bila matata. Mpya ikakataa kuingia. Ilikuwa ndefu zaidi, kwa hiyo anko akakata sakafu ya gari kwa tindo ili kijiti cha pili kipate pa kutokea. Akabaki na tundu ambalo ukichungulia unaona mawe ya Kitengela.

"Na hii?" mzee akauliza.

"Hiyo ni dirisha, shemeji. Gari kubwa kubwa ziko nayo."

Halafu kukaja shida ya ekseli ya mbele. Magurudumu ya mbele ya pikapu yetu yalikuwa yanazunguka bure tu, hayakuwa na kitu cha kuyapa nguvu, kwa hiyo ilibidi kutafuta ekseli nyingine. Ya lile gari la Namanga ilikuwa imepinda kama mkia wa nguruwe. Anko akapata nyingine Kajiado, nzima kabisa, lakini ilikuwa ya gari la aina tofauti. Ile difu yake, yaani kile kijungu cha chuma kinachopokea nguvu kutoka kwa giaboksi, ilikuwa upande wa kushoto. Giaboksi yetu ilitoa nguvu upande wa kulia.

Anko alikaa juu ya tairi akafikiri. Jirani yake wa kibanda alikuwa anapika chapati. Anko akanunua moja, akala akiitazama ekseli, akasimama ghafla.

"Tunapindua."

Wakaipindua, juu ikawa chini na kushoto ikawa kulia. Difu ikaja upande unaotakiwa, ikakaa kama imezaliwa hapo. Sisi sote tulipiga makofi. Mimi nilipiga sana kuliko wote, nakumbuka, hata nikapiga na mluzi.

"Na oili haitamwagika?" mzee akauliza. Yeye kuuliza ndiyo kazi yake.

"Oili haina macho, shemeji. Itajuaje juu ni wapi?"

Kilichobaki ni kujaribu, na hapo ndipo watu wa Kitengela walipotumaliza. Kwa sababu kila mtu Kitengela anajua kwamba four-wheel haichezewi kwenye kavu. Ukivuta kile kijiti kwenye ardhi ngumu, giaboksi inapasuka. Dereva wa lori la saruji alisema hivyo. Mwenye kuuza mbuzi, ambaye hajawahi kuwa hata na baiskeli, alisema hivyo. Mtu mmoja alimjua mtu wa Entarara ambaye yake ilipasuka ikatoa moshi wa buluu. Na mwezi huo wa nane hapakuwa na tone la maji tangu Athi hadi Kajiado. Ardhi ilikuwa kavu kama sahani ya mwanafunzi. Basi mzee akachukua kipande cha blada, ule mpira wa ndani ya tairi, akafunga kijiti kile mahali pake kwa fundo tatu. Akatugeukia mimi na anko.

"Hakuna mtu atagusa hii mpaka siku yenyewe."

Tukarudi nyumbani na magurudumu mawili. Akaliegesha gari likitazama lango.

Jioni nilikuwa namwona ameketi ndani yake, injini imezimwa, akikanyaga klachi na kubadilisha gia moja moja, macho mbele. Nikaanza kuliita gari ambulansi. "Mathe, dereva wa ambulansi ameuliza kama chai iko tayari." Mathe alicheka mpaka akashika tumbo. Mzee hakucheka. Hakuwa amekasirika. Alikuwa tu mahali ambapo mzaha haufiki.

Mipango ilikuwepo, msije mkatudhania wajinga. Mathe alikuwa ahamie Kajiado mapema, akae kwa rafiki yake wa kanisani karibu na hospitali. Lakini mvua za mwaka huo hazikuja kama mvua, zilikuja kama deni la mtu mwingine. Muhula uliofuata shule yetu ilifungwa mapema kwa sababu bweni lilikuwa na samaki, au karibu. Anko alikuja kututembelea kwa miguu kuona gari inaendeleaje, akanyeshewa, akashindwa kurudi. Kila siku mathe alisema wiki ijayo, acha nimalize hili, nani atakamua. Mtoto hakungoja wiki ijayo.

Ilikuwa asubuhi. Mathe alikuwa anakamua nami nimeshika kamba ya ndama, nikimsimulia jinsi mwalimu wa zamu alivyotumbukia kwenye mtaro. Akaweka kibuyu chini taratibu. Akauegemeza uso wake kwenye ubavu wa ng'ombe.

"Nenda uite baba yako."

"Nimwambie nini?"

"Usinifanyie mchezo leo. Nenda."

Nilikimbia bila viatu. Bibi mmoja Mmaasai, jirani yetu wa boma la upande wa juu, ambaye sote tulimwita yeyo, yaani mama, aliniona nikikimbia. Alisema baadaye kwamba mtoto wa shule hakimbii asubuhi bila kufukuzwa, na kwa kuwa hakuona anayenifukuza, alijua. Kabla mzee hajamaliza kufunga mkanda wake, yeyo alikuwa mlangoni na wake wawili wa wanawe.

"Sopa," akasema.

Mzee alikuwa na ufunguo mkononi na jasho usoni. Lakini kwa yeyo huanzi maneno mengine kabla ya salamu kuisha.

"Ipa," mzee akaitikia.

"Ng'ombe ni wazima?"

"Ni wazima, yeyo."

"Watoto?"

"Yeyo, tafadhali!"

"Haya," akasema yeyo. "Sasa tunaweza kuharakisha."

Yeye ndiye aliyewazalisha wanawake wa upande ule wote. Akamtazama mathe, akamgusa tumbo, akasema tunaweza kujaribu kufika hospitali lakini mtoto amekaa vibaya, asicheleweshwe. Halafu akasema jambo lililotufanya tusimame sote: mwanaume hakai karibu na mwanamke anayezaa. Si vizuri. Haijawahi kuonekana.

"Yeyo," mzee akasema, "mimi ndiye dereva."

Yeyo akatafakari. Akavua shuka yake moja, akaingia ndani ya gari akakaa katikati, akaitundika ile shuka toka paa hadi sakafu kama pazia, ncha moja ameifunga kwenye kioo na nyingine ameikalia. Upande mmoja mzee na usukani, upande mwingine yeyo na mathe. Mzee akabaki na nusu ya kioo cha mbele. Na kile kijiti cha pili, kwa kuwa tundu la anko lilikuwa katikati kabisa, kilibaki upande wa wanawake.

Wale wake wawili wa wanawe walitaka kupanda nyuma. Kwao mwanamke mwenye uchungu haachwi na wenzake; wanamfuata popote. Mzee akakataa. "Uzito utatuzamisha! Anko na kijana wanatosha, wa kusukuma." Wakakubali bila kubishana, wakaanza kutufuata kwa miguu.

Tulitoka. Mwanzoni njia ina changarawe, tukaenda vizuri. Kisha tukafika bondeni. Mahali ni pale pale. Mzee tangu ile siku alikuwa akizungukia mbali asipakanyage, lakini kote kando sasa kulikuwa na maji. Akasimamisha gari. Akapitisha mkono chini ya shuka kufungua zile fundo za blada, yeyo akamchapa kofi la mkono.

"Yeyo, ni kijiti!"

"Niambie mimi. Nifanye nini?"

"Fungua hiyo mpira. Sasa vuta nyuma kabisa."

Yeyo akavuta. Kitu kikalia krak. Mzee akaachia klachi, na pikapu, gari letu lililotolewa mtamba, lililokatwa sakafu, lililotunzwa kama yai, likaanza kutetemeka papo hapo lilipo. Halikwenda mbele, halikurudi nyuma. Lilipiga kelele tu, likazama.

"Ongeza!" anko akapiga kelele.

Mzee akaongeza. Tukazama zaidi. Mimi na anko tukaruka tukaanza kusukuma, matope yakitupiga machoni. Nilisikia mathe akiguna ndani, ile sauti ya mtu anayeinua mzigo usioinuka. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha. Nilitafuta kabisa kichwani, nikakuta hakuna kitu, kama kabati la shule siku ya kufunga.

Mlango ukafunguliwa. Mathe akatoka, yeyo akimfuata, maana kukaa kulikuwa kumemshinda. Akashikilia kichuguu kando ya njia, ameinama, nywele zimemwangukia. Akainua uso akalitazama gari.

"Baba watoto," akasema polepole kati ya pumzi. "Tope la mbele linarushwa mbele. La nyuma linarushwa nyuma."

"Nini?"

"Magurudumu ya mbele yanarudi nyuma! Hiyo gari ni mbuzi wawili kwenye kamba moja!"

Sote tukatazama. Mzee akagusa mafuta kidogo, na kweli, ya nyuma yalikuwa yanazunguka kwenda Kajiado na ya mbele yanazunguka kurudi nyumbani. Ile ekseli tuliyopindua tukaipigia makofi. Ukiipindua, inapokea nguvu ile ile lakini inazungusha kinyume. Tungevuta kile kijiti mara moja tu Kitengela, hata kwenye mavumbi, tungeona. Tuliogopa kuivunja.

Anko akainama, akachungulia ekseli yake.

Mzee alishuka. Akachukua jembe. Nilifikiri atampiga nalo anko, na nadhani anko pia alifikiri hivyo kwa sababu hakukimbia. Alisimama tu, mikono imelegea, kama anayesubiri haki yake. Lakini mzee aliliangusha jembe. Akaketi kwenye tope, mtu mwenye koti na kofia, akaketi.

"Hapa tena," akasema. "Hapa hapa."

Sijawahi kumwona hivyo, na kama yuko mtu anayejua dawa ya kumfuta mtu kumbukumbu moja tu, ningependa aanzie hapo.

Mathe ndiye aliyetuamsha. Hakuwa na muda wa huzuni yetu. "Wewe," akamwambia ndugu yake, "hiyo ya mbele inaweza kutolewa?"

"Ekseli? Hapa? Haiwezekani, dada."

"Si ekseli. Ile fimbo inayoipelekea nguvu."

Anko akapepesa macho. "Propela ya mbele. Ndiyo. Hiyo inatoka. Lakini tutabaki na mbili za nyuma tu, kama zamani."

"Na gia fupi itabaki ama itaenda?"

"Itabaki." Anko akaanza kuvua shati. "Dada, gia fupi itabaki!"

Akaingia chini ya gari kwa mgongo, na chini ya gari hapakuwa na nafasi, palikuwa na tope. Aliingia kama mwiko unavyoingia kwenye ugali. Mimi nilimshika vifundo vya miguu, kwa sababu aliniambia gari likishuka zaidi nimvute hata kama ngozi itabaki. Spana iliteleza. Akailaani, akamwomba Mungu msamaha, akailaani tena. Nati moja ilikuwa imekazwa sana.

"Ni nani alikaza hii namna hii?" akalia kutoka chini.

"Ni wewe," nikamwambia.

"Nilikaza vizuri," akasema, na nikasikia analia kweli.

Nyuma yangu mathe alikuwa akizunguka kile kichuguu, amemning'inia yeyo shingoni. Uchungu ukimshika wanasimama wote wawili, yeyo anamwambia maneno ya Kimaa kwa sauti ya chini, mathe, ambaye Kimaa chake ni cha salamu tu, anaitikia kana kwamba anaelewa kila neno. Mzee alikuwa amesimama sasa, akichimba mbele ya magurudumu na kutandika matawi ya miiba, viganja vyake vinatoka damu.

Propela ilitoka. Anko aliivuta akaitupa kwenye nyasi kama nyoka.

Mathe akarudishwa ndani, shuka ikatundikwa. Mzee akawasha. Kwa ile gia fupi magurudumu ya nyuma yalizunguka polepole, taratibu, kama mtu anayefikiria jibu. Gari likainuka kidogo. Likateleza. Likarudi kwenye shimo lake. Tena. Likarudi. Nyuma palikuwa pepesi, magurudumu hayakuwa na cha kuyakandamiza yashike ardhi.

"Uliwakataa wanawake wangu," yeyo akamwambia mzee kupitia shuka. Halafu akatoa kichwa dirishani, akaita, sauti ndefu moja.

Hawakuwa mbali. Wale wawili tuliowaacha walikuwa wameshafika, na nyuma yao walikuja wengine kutoka maboma ya juu, wengi, shanga zinalia, matope hadi magotini, kwa sababu habari ya mwanamke mwenye uchungu ilikuwa imepita boma kwa boma na hakuna aliyengoja kuitwa. Hawakuuliza. Walipanda nyuma ya pikapu mpaka pakajaa, wakakumbatiana juu ya ekseli ya nyuma, na springi zikalala chini kabisa. Mimi na anko tukaning'inia kwenye bampa ya nyuma. Mama mmoja akanishika sikio nisianguke, na sikio hilo hadi leo liko refu kuliko lingine.

"Sukuma mbele kidogo halafu vuta tena!" mzee akampigia yeyo kelele juu ya kijiti.

"Bado!" mathe akajibu, akidhani anaambiwa yeye.

Likashika. Sijui niseme vipi. Matairi yaliuma, yakauma tena, na gari likatoka shimoni likilia, mwendo ambao kobe angetupita na kutusalimia. Lakini halikusimama. Wanawake wakaanza kuimba, mmoja akitangulia na wengine wakimjibu, na gari likatembea ndani ya ule wimbo. Tulipita bondeni. Tulipita korongo, maji yakaingia kwa dirisha la anko, nikamsikia yeyo akiuliza ni nani aliyetoboa gari la watu. Tukapanda lami.

Hapo mzee akakimbiza. Shuka nyekundu zilipepea nyuma, magari yalitupisha. Tulikuwa hatujafika Kajiado yeyo alipopiga dashibodi kwa kiganja.

"Simama! Shuka! Tazama kule!"

Mzee akasimamisha kando ya barabara, akashuka, akageuka akatazama ua wa waya wa shamba la mtu. Wanawake wakaruka wakalizunguka gari, migongo kwetu, ukuta wa shuka. Mimi na anko tukaambiwa tukasimame na mzee. Wanaume watatu wa matope tumetazama waya. Nyuma yetu mathe alilia mara moja, kwa nguvu, halafu hakukusikika kitu.

Kimya hicho kiliendelea. Mzee alishika waya wenye miiba, na sikuweza kuitoa mikono yake.

"Mbona amenyamaza?" ilikuwa sauti ya mathe. "Yeyo, mbona amenyamaza?"

Nikasikia yeyo akipuliza, akitema, akipiga kofi dogo dogo, akipuliza tena. Lori likapita. Kisha kikatoka kisauti kibovu, kama bawaba isiyotiwa mafuta, kikakatika, kikatoka tena, kikakasirika. Anko akaketi chini kwenye changarawe.

Mzee alitaka kugeuka. "Usigeuke," yeyo akamwambia. "Anatoka damu sana. Endesha."

Akaendesha hadi Kajiado bila kujua ni mtoto gani aliye nyuma ya ile shuka, na kama bado yuko. Hospitalini wakawachukua wote wawili mbio. Manesi hawakujua waanzie wapi na msafara ule. Mmoja akauliza kama ni harusi. Wakasema mama anahitaji damu, nani ndugu yake. Anko alikuwa ameshakunja mkono kabla swali halijaisha, ingawa mkono wenyewe ilibidi uoshwe kwanza ndipo ngozi ionekane. Nilimwambia angalau damu hawataipindua. Alinitazama, nikaona ameshindwa kuamua kama anipige au acheke, akalala kwenye kile kitanda na kufumba macho.

Tukakaa kwenye benchi. Wanawake walikaa nje kwenye nyasi, wakikauka. Kila mlango ulipofunguliwa mzee alisimama, na kila ulipofungwa alikaa. Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili nesi alipokuja akasema mama amelala, damu imesimama, ataamka. Kisha akasema, "Baba, si unakuja kuona msichana wako?"

Nilimfuata hadi mlangoni. Mtoto alikuwa kwenye kitanda kidogo cha chuma, amefungwa shuka. Nesi akamwinua kidogo ili mzee amwone uso, akisema anafanana na nani, anafanana na nani. Mzee hakutazama uso. Aliinama, akaifungua ile shuka kwa kidole kimoja chenye tope, akatazama kifua. Kikapanda, kikashuka. Nesi akamwambia inatosha, atapata baridi. Mzee hakusogea. Kikapanda. Akangoja kishuke, kisha akangoja kipande tena.